Lita Ambazo Hakuna Anayezihesabu

Leo, hapa redioni Niemba, nazungumza juu ya umeme wa mafuta, yaani mazutu (dizeli) na esansi (petroli) tunazochoma kila jioni ili tupate taa, tusharji simu, tuburudike na muziki, tutazame mpira. Nimechagua jambo hili kwa sababu linakula pesa za nyumba zetu kila siku, na bado sijasikia kikao kikilizungumzia kwa hesabu.

Nianze na hesabu za wakubwa. Kila mwaka hutolewa majedwali yanayoonyesha kila nchi ya dunia inapata wapi umeme wake: makaa ya mawe kiasi gani, mafuta kiasi gani, gesi, maji, jua, upepo. Ukitafuta jina la Kongo, utatukuta miongoni mwa nchi safi kabisa. Zaidi ya asilimia 95 ya umeme unaoandikwa kwa jina letu unatoka kwenye maji: Inga I iliyoanza mwaka 1972, Inga II ya mwaka 1982, Nzilo na Nseke kule Kolwezi, Ruzizi kule Bukavu, na Bendera hapa kwetu katika jimbo la Tanganyika. Mafuta yamepewa sehemu nyembamba ambayo kwenye mchoro inahitaji uitafute.

Sasa njoo Niemba saa moja jioni. Nguzo za SNEL, shirika la umeme la taifa, hazijafika huku. Jua likizama, unasikia kamba inavutwa mara moja, mara mbili, ya tatu mashine inakubali. Kinyozi amewasha grupu lake, yaani jenereta dogo, mwenye chumba cha mpira amewasha lake, muuza vinywaji baridi amewasha lake, na kila mmoja amenunua esansi yake kwa chupa au kwa bidoni. Wasio na grupu wana pano ndogo ya jua juu ya bati, au tochi ya mawe. Nani kati yetu amewahi kusoma daftari kwa umeme wa Inga akiwa Niemba? Kwa hiyo zile asilimia 95 ni za kweli, na wakati huohuo hazituhusu. Sisi ni watu wa mafuta, ndani ya nchi ya maji.

Jedwali halituoni kwa sababu moja rahisi. Linahesabu mitambo ambayo mwenyewe anajulikana: shirika la taifa, kampuni yenye kibali, mgodi wenye mita. Grupu la kinyozi halina mita wala kibali. Esansi yake iliingia nchini ikiandikwa kama mafuta ya magari na pikipiki, au haikuandikwa kabisa. Ikichomwa, ule umeme hauonekani popote. Hauko Kinshasa, hauko Kalemie kwenye ofisi za jimbo, na nadhani hauko hata kwa chefu wetu. Ni lita ambazo hakuna anayezihesabu, na hilo ndilo neno langu la leo: kitu kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti wala kutafutiwa dawa.

Ili mnielewe vizuri, tuende mbali kidogo, hadi Bahari ya Hindi. Kuna nchi ndogo ya visiwa inaitwa Komoro: Ngazija, Nzuwani na Mwali. Ilipata uhuru mwaka 1975. Watu wake hawafiki milioni moja, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Ngazija, kisiwa chao kikubwa, ni mlima wa volkano, Karthala, na mvua ikinyesha inazama kwenye mawe yale ya volkano, kwa hiyo mto wa kudumu hakuna. Nzuwani ina vijito na mitambo midogo ya maji iliyowahi kujengwa, lakini kwa ujumla Wakomoro wameishi kwa mazutu. Meli inakuja, inamimina mafuta kwenye matangi, mitambo inanguruma, taa zinawaka. Meli ikichelewa, au shirika likikosa pesa za kulipia shehena, Moroni, mji wao mkuu, inaingia gizani. Mara nyingi miaka ya 2010 mji ulikaa saa nyingi bila umeme, watu wakaandamana, na wagombea urais wakaahidi taa.

Hali ya Komoro ni ngumu, siisifu. Lakini angalieni tofauti mbili kati yao na sisi. Ya kwanza, kule kila lita inajulikana. Anayeagiza mafuta ni shirika la serikali, anayeyachoma ni shirika la umeme, na kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuchora mstari wa miaka 20 au 30 na kusema: mwaka huu umeme wa mafuta ulipanda, mwaka ule ulishuka. Ya pili inaniuma zaidi. Nchi ile isiyo na mito mikubwa imevuta waya hadi kwenye nyumba nyingi za raia wake, sehemu kubwa mno kuliko sisi. Sisi wenye mto Kongo, wenye Inga ambayo wahandisi wanasema ingeweza kutoa zaidi ya megawati 40,000, umeme unamfikia mtu mmoja kati ya watano hivi, na vijijini ni wachache kiasi kwamba ripoti nyingi huandika asilimia 1 tu.

Na huo mstari wa Komoro una somo jingine. Ukiona umeme wa mafuta katika kisiwa umepungua, usikimbilie kufurahi kwamba watu wamehamia kwenye jua. Katika nchi iliyotegemea mafuta peke yake, mara nyingi mstari unashuka kwa sababu mashine zimekufa, au vipuri havikuja, au mafuta hayakulipiwa. Mstari unashuka, na mwanamke anajifungua kwa mwanga wa tochi. Halafu serikali inanunua mitambo mipya, mstari unapanda, na anayesoma takwimu akiwa Ulaya anasema nchi hii inachafua hewa zaidi kuliko mwaka jana, kumbe mwaka jana watu walikuwa gizani. Hata sisi Niemba, bei ya esansi ilipopanda sana mwaka 2022, pale vita vya Ukraine vilipoanza na pipa la mafuta likapita dola 120 kwenye soko la dunia, magrupu yalinyamaza jioni nyingi. Tulichoma lita chache. Hatukuwa tumeendelea, tulikuwa tumeshindwa kununua.

Tusogee karibu zaidi, Zanzibar. Unguja nayo zamani ilijiwashia mitambo yake ya mafuta, mpaka mwaka 1980 ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Tanzania bara, hadi Fumba. Ulikuwa wa megawati 45. Tangu siku hiyo kisiwa kikala umeme wa bara, mitambo ya zamani ikaachwa izeeke. Kwa macho ya jedwali, Unguja iliacha mafuta. Lakini waya ulikuwa mmoja. Mei 2008 ulipata hitilafu, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Ikaja tena Desemba 10, 2009, na safari hii giza lilidumu hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji ya mji zilisimama, samaki waliharibika, mahoteli na maduka yakanunua majenereta madogo kwa maelfu, na Mji Mkongwe wote ukanuka moshi. Baadaye ndipo yalipofungwa majenereta ya dharura ya megawati 25 hivi pale Mtoni, na mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani. Pemba, iliyokuwa ikiishi kwa mitambo ya mazutu ya Wesha, iliungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, Norway ikiwa mfadhili mkubwa.

Nimewapitisha Zanzibar kwa sababu najua mzee mmoja anayenisikiliza ameshasema moyoni: mtangazaji, acha maneno mengi, tuletewe waya wa Bendera basi. Mzee wangu, nakuheshimu, na waya nautaka kama wewe. Ila nataka ukija tuwe tumeshajifunza kwa Unguja kwamba waya mmoja bila akiba nyuma yake ni hatari.

Mfano wa karibu kuliko wote uko ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Kigoma iko nchi kavu, ina reli tangu mwaka 1914, lakini kwa umeme ilikuwa kisiwa kabisa. Gridi ya taifa ya Tanzania haikuifikia. Kigoma Ujiji, Kasulu, Kibondo, zote zilikula umeme wa majenereta ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, yanayochoma mazutu, na mazutu hayo yalitoka Dar es Salaam, safari ya kilometa 1,250 hivi kwa reli. Fikiria: unachoma mafuta ya lori au ya treni ili uyafikishe mafuta mengine ya kuchoma. Shirika lilikuwa linauza umeme huo kwa bei ileile ya taifa, huku gharama ya kuuzalisha ikiwa mara kadhaa zaidi, na hasara ikabebwa na nchi nzima. Mwaka 2022 mkoa ule ulianza kuungwa na gridi, na majenereta yakaanza kuzimwa. Wafanyabiashara wetu wanaovuka kwenda Kigoma kununua bidhaa wanaweza kuwaambia zaidi kuliko mimi.

Sisi tuko mwisho wa njia hiyohiyo. Mafuta mengi yanayouzwa Kalemie yamepita Kigoma. Yanashushwa bandarini, yanamiminwa kwenye mapipa, halafu yanatafuta njia ya kuja huku. Treni ikiwepo, yanapanda treni. Reli yetu ya Kabalo hadi Kalemie, iliyofika ziwani mwaka 1915, haina nyaya za umeme juu kama ile ya Lubumbashi na Kolwezi. Vichwa vyake vya treni vinakula mazutu. Treni isipokuwepo, ni pikipiki. Kijana anafunga bidoni mbili, tatu, nne nyuma, anapambana na matope na madaraja ya magogo, analipa kwenye kila kizuizi anachokuta, na akifika hapa kila bidoni imebeba bei ya safari yote. Ndiyo maana lita moja ya esansi Niemba haiwezi kuwa na bei ya Kalemie, na ya Kalemie haiwezi kuwa na bei ya Dar es Salaam. Sisi ndio tunaolipa zaidi kuliko wote, na sisi ndio tulio maskini kuliko wote katika mnyororo huo.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu zinapopotelea. Lita moja ya mazutu ina nguvu ya karibu kilowati-saa 10. Kilowati-saa moja ni umeme unaotosha kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 100. Mtambo mkubwa, kama ule wa kituo cha umeme cha mji, ukiwa umebebeshwa mzigo wake sawasawa, unageuza lita moja kuwa karibu kilowati-saa 4 za umeme. Jenereta la wastani la mazutu linatoa kama 3. Kilichobaki kinatoka kama joto, moshi na kelele. Lakini haya magrupu madogo ya esansi tunayonunua sokoni, hata yakibebeshwa mzigo wake wote, mara nyingi hayafikishi 2. Na nani hapa Niemba anayabebesha mzigo wote?

Tuchukue nyumba moja. Taa tano za wati 10, zimewaka saa nne. Jumla ni wati 50 mara saa nne: kilowati-saa 0.2, moja ya tano ya kilowati-saa. Grupu dogo, hata likiwa linabeba taa hizo tano tu, lazima liendelee kuzungusha injini yake yote, na kwa saa nne litakunywa zaidi ya lita moja ya esansi. Ni kama kuwasha jiko la karamu ya harusi ili uchemshe kikombe kimoja cha chai. Lita ile ambayo kwenye mtambo mzuri ingetoa kilowati-saa 3 au 4, hapa imetoa 0.2. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za pesa yako zimekwenda hewani, na hata jirani hakufaidika isipokuwa kukosa usingizi.

Pano moja ya jua ya wati 50, ikipata jua zuri la saa nne au tano, inakusanya kiasi kilekile cha umeme, ile 0.2. Chukua ya wati 80 ili ufidie mawingu na kile kinachopotea kwenye batri. Nyumba hiyo ya taa tano ingeweza kuachana na esansi kesho asubuhi. Simwambii mtu auze grupu lake, namwambia akae na mwanawe aliyesoma hesabu, waandike kwa mwezi mmoja esansi imegharimu kiasi gani, kisha walinganishe na bei ya pano na batri nzuri. Na niseme batri nzuri, kwa sababu soko letu limejaa batri zinazokufa kabla ya mvua mbili kupita, na mtu aliyedanganywa mara moja anarudi kwenye grupu akiwa na hasira na jua.

Jambo jingine la haraka, lakini ni la uhai. Moshi wa grupu una sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiliwasha ndani ya chumba, au barazani karibu na dirisha, familia inaweza kulala isiamke. Kwa sababu ya wezi, wengi wanayaingiza ndani usiku. Tafadhali, lifunge kwa mnyororo nje, lijengee kibanda chenye matundu, lakini ndani lisiingie.

Nirudi kwenye waya wa Bendera. Kituo kile kwenye mto Kyimbi kilianza kazi mwaka 1959, kina mashine za jumla ya megawati 17 hivi, na laini yake inashuka zaidi ya kilometa 100 hadi Kalemie. Wakati ule Kalemie ilikuwa bado inaitwa Albertville, na umeme ulitakiwa kwa viwanda na mji. Vijiji vya upande wa reli havikuwa kwenye ramani ya waliopanga. Miaka ikapita, mashine zikazeeka, vita vikaja na kurudi kwenye milima ile, na Kalemie yenyewe, iliyokua mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa, haishibi. Ukitazama hivyo, kuvuta laini nyingine kutoka kituo kisichoshibisha mji wake hadi Niemba, kwa watu ambao hakuna anayejua wangetumia kiasi gani, ni jambo ambalo mhandisi yeyote ataliweka chini kabisa ya orodha. Naliona hilo linaumiza, lakini nalielewa.

Na tusidanganyane na nyaya kubwa. Ile laini ya Inga hadi Kolwezi, kilometa 1,700 hivi, inapita juu ya vijiji vingi sana vyenye giza tangu miaka ya 1980. Watu wanalala chini ya nguzo zake na taa za mafuta. Sababu yake inajulikana: umeme ule unasafirishwa kwa namna ya mkondo mnyoofu, kwa nguvu ya volti 500,000, na kuukata njiani ili kijiji kipate taa kunahitaji kituo cha gharama kubwa ajabu. Laini hiyo ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Kupita karibu na umeme si kuwa na umeme.

Wapo pia wanaonikumbusha makaa ya mawe. Ni kweli, ardhi yetu ya Lukuga ina makaa ya mawe, na wakoloni waliyachimba karibu na Kalemie. Leo kiwanda kikubwa kinachohitaji moto mwingi kinaweza kuyafikiria. Kwa mji mdogo kama wetu, mtambo wa makaa ni ndoto ya bei mbaya: unataka mzigo mkubwa usiokatika, maji mengi, mahali pa kumwaga majivu, na mafundi wa kudumu. Tuliache hilo.

Kinachonipa matumaini kiko ndani ya jimbo letu hilihili. Manono, mnakumbuka, ilikuwa na kituo chake cha maji cha Piana Mwanga kwenye mto Luvua, kilichojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya madini ya bati. Vita vya mwisho wa karne iliyopita vilikiua. Mji ukarudi kwenye magrupu na giza, miaka na miaka. Halafu pakajengwa pale kituo cha jua cha megawati 1, chenye batri kubwa za kuweka umeme wa usiku, na waya ukasambazwa mjini. Goma nako, kampuni ya Nuru ilifungua mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1.3, kikiwa na batri na jenereta la akiba, katika mtaa wa Ndosho. Angalieni mpangilio huo: jua linafanya kazi mchana, batri inashika zamu ya usiku, na mazutu yamekaa pembeni yakingoja siku tatu za mawingu mfululizo. Mazutu hayakufukuzwa. Yamepewa cheo kinachoyafaa.

Na sheria inaruhusu. Tangu Juni 2014 umeme wa nchi hii si wa SNEL peke yake. Kampuni, jimbo, hata jamii wanaweza kuzalisha na kusambaza kwa kibali. Kuna wakala wa serikali uliopewa kazi ya umeme wa vijijini, ANSER. Milango ipo. Lakini yeyote atakayekuja hapa, awe wa serikali, mfadhili au mfanyabiashara, swali lake la kwanza litakuwa: Niemba inatumia umeme kiasi gani sasa, na inalipa kiasi gani? Tukikaa kimya, tukasema tu tunateseka, ataandika kwenye karatasi yake sifuri, kwa sababu hakuna mita. Ataona kijiji kisichotumia umeme na kisichoweza kuulipia. Kumbe tunaulipia kila jioni, tena kwa bei ambayo mtu wa Gombe kule Kinshasa hajawahi kuilipa.

Kwa hiyo naomba tuanze wenyewe. Kila mwenye grupu afungue daftari. Aandike tarehe, lita alizonunua, bei, saa alizowasha, na vitu alivyowasha. Anayesharji simu za watu aandike simu ngapi kwa siku na anatoza faranga ngapi. Mwenye mashine ya kusaga aandike kwenye ukurasa wake wa peke yake, maana injini yake inazungusha mkanda moja kwa moja na haitoi umeme. Lakini ndiye mteja ambaye mwenye kituo cha jua angempenda kuliko wote, kwa sababu anasaga mchana, jua likiwa juu, bila kuhitaji batri. Walimu wa shule zetu wanaweza kuwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kupita nyumba hadi nyumba na kujumlisha. Baada ya mwezi mmoja tuzikusanye karatasi hizo kwa chefu, nakala moja ibaki hapa redioni, nyingine ipelekwe kwa mkuu wa teritware Kalemie.

Kuna pia jambo ambalo halingoji daftari. Pale sokoni kuna magrupu matano au sita yamepangana, kila moja likibeba taa mbili na redio. Wenye maduka mkae chini, mnunue kwa pamoja jenereta moja la mazutu linalolingana na mzigo wenu wote, mvute waya salama kwa fundi anayejua kazi, mgawane gharama kila mtu kwa taa zake. Mtachoma lita chache sana kwa mwanga uleule, na siku pano zitakapokuja, waya na mazoea ya kulipa pamoja vitakuwa tayari. Najua kinachowazuia ni swali la nani atashika pesa. Chagueni wawili wasio ndugu, hesabu ibandikwe ukutani kila Jumamosi.

Na katika orodha hiyo, kituo cha afya kiandikwe ukurasa wa kwanza, kabla ya duka lolote. Wauguzi waandike friji ya chanjo inakula wati ngapi, taa ya chumba cha kuzalishia inawaka saa ngapi kwa usiku, chombo cha kuchemshia vifaa kinatumia nini, na ni usiku gani esansi ilikwisha kabla ya kazi kwisha. Mzigo wao si mkubwa, kwa hiyo ndio unaoweza kufungiwa pano na batri mapema kuliko wengine, hata kwa mchango wetu, bila kumngoja mtu kutoka Kinshasa. Muuguzi mkuu amekubali kuja hapa redioni juma lijalo na hesabu hiyo. Wenye maswali yaleteni mapema, yaandikwe, tumsomee hapahapa.